Mtundikwa Aliyeangukia Kulia

Castelmaro, 14 Februari 1993

Mwanangu Ezio,

Salamu zangu zikukute mzima huko Torino. Mimi sijambo, ila mgongo unanikumbusha umri kila ninapoinama kuchukua kuni. Baba yako goti limeshapasuliwa. Anatembea na fimbo na anamkaripia kila anayejaribu kumshika mkono, kwa hiyo tunajua anapona. Divai ya mwaka jana imegeuka siki, pipa zima, tumelimwaga nyuma ya zizi na sasa uwanja wote unanuka. Paka bado yupo.

Sababu ya kuandika ni hii. Baba yako, kwa kuwa hawezi kwenda baa kucheza karata na wenzake, anashinda mbele ya televisheni. Alhamisi baada ya chakula cha mchana aliniita nije kuangalia kitu. Nikakuona wewe, unawatabiria watu kwa karata.

Nilikuwa na kipande cha jibini mdomoni, nikakitema kwenye kitambaa. Joho la rangi ya maini, Ezio. Pete kila kidole, ndevu za kupaka wino, mishumaa ya umeme inayowaka na kuzimika kama taa za gari la polisi. Na ile sauti umeitoa wapi? Kwetu hakuna anayezungumza kama padri mwenye mafua. Baba yako alicheka mara moja, kisha akazima sauti, akaiwasha tena. Na jina waliloandika chini yako: Maestro Altair, ati mwalimu mkuu. Jina la bibi yako lilikuwa la heshima kwenye bonde hili lote, na hakuvaa hata hereni alipotandika karata.

Lakini mavazi ningeyameza. Kuna mwanamke alipiga simu, akajiita Rosa. Akasema mume wake anapendwa na watu wote, ila mlango ukishafungwa, hapo akakatisha, hakumaliza. Ukatandika karata tatu kama nilivyokufundisha kwenye meza yangu: kushoto anayeuliza, kulia yule anayeulizwa habari zake, katikati kilicho baina yao. Ikatoka ya kumi na mbili, Mtundikwa, yule mtu aliyening'inizwa kwa mguu mmoja, mikono nyuma. Nawe ukamwambia: "Rosa, huyu ni wewe. Umetundikwa, lakini tazama uso wake ulivyotulia. Vumilia. Mumeo atageuka. Nipigie tena Alhamisi."

Kamera iliionyesha meza kidogo tu. Macho yangu bado mazuri.

Nijibu jambo moja. Karata ile iliangukia upande gani? Usimpigie simu baba yako. Nataka kwa mwandiko wako.

Shangazi yako,
Delfina


Torino, 9 Machi 1993

Shikamoo Shangazi,

Nisamehe kuchelewa. Ukungu huku haujaondoka tangu Krismasi, na mwenye nyumba anarekebisha mabomba, kwa hiyo nanawa kwenye ndoo. Nafurahi kusikia goti la baba linaendelea vizuri. Mwambie asipande ngazi za ghalani. Nimekutumia boksi la chokoleti za njugu za hezeli, zile ulizozipenda ulipokuja kwenye harusi ya rafiki yangu Tullia.

Nimeelewa hasira yako kuhusu joho. Hata mimi silipendi, lina joto na linanuka jasho la aliyenitangulia. Lakini televisheni ina mambo yake. Mtu akikaa pale na sweta kama wewe, hakuna atakayemtazama.

Kuhusu maana ya karata, Shangazi, mambo yamesonga mbele. Nimesoma vitabu vingi tangu nitoke kwako. Mtundikwa siku hizi anasomwa kama subira, kujitoa, kuiona dunia kwa upande mwingine. Mguu mmoja umefungwa, ule mwingine umekunjwa kwa raha, kama mtu anayepumzika. Kwenye karata za Kiingereza ana hadi mwanga kuzunguka kichwa, kama mtakatifu. Watu wanaopiga simu wana huzuni, wanataka neno la kuwashika mpaka jioni. Mimi nawapa neno. Kuna ubaya gani?

Halafu mwanamke mmoja kati ya mamia, unamkumbukia nini? Unamjua?

Msalimie baba. Nitakuja Pasaka kama kazi itaruhusu.

Ezio


Castelmaro, 15 Machi 1993

Mwanangu,

Chokoleti zimefika. Baba yako kala zote. Mizabibu imeanza kupogolewa, Rina wa duka kajifungua binti, na barabara ya juu imefungwa tena kwa maporomoko. Wote wanakusalimu.

Umeniandikia ukurasa mzima wala hukunijibu.

Unauliza kama namjua. Kabla hajasema neno huwa anakohoa kidogo, kama mtu anayegonga mlango asiotaka ufunguliwe. Na alipokuwa akizungumza nawe, nilisikia kengele ya kanisa letu mara mbili: mara moja dirishani kwangu, mara moja ndani ya televisheni. Ile kengele yenye ufa. Hakuna nyingine yenye mlio huo, na wewe umekulia chini yake.

Ni Ornella, mke wa Celso fundi trekta. Aliolewa hapa ukiwa umeshaondoka, kwa hiyo hakujui. Ana saluni ndogo chini ya nyumba yao, na kila Jumamosi ananiosha nywele. Celso unamjua. Ndiye anayebeba sanamu ya mtakatifu mbele siku ya sikukuu, ndiye anayechekesha watu kwenye misiba.

Jumamosi nilikwenda. Alivaa mikono mirefu ndani ya saluni yenye joto kama tanuri, na maji yalipomlowesha mikono hakuikunja. Nilimuuliza kama huwa anatazama vipindi vya mchana. Akakohoa. Akasema yupo Maestro mmoja Torino, mtu msomi, amemwambia avumilie, mambo yatageuka. Anampigia kila Alhamisi Celso akiwa karakana. Alilitamka neno Maestro kwa heshima, Ezio. Huyo Maestro nilimpangusa makamasi kwa aproni yangu mpaka alipoanza shule. Nikamwomba anizimie ile mashine ya kukaushia nywele.

Sasa nisikilize kuhusu Mtundikwa, kwa kuwa umesoma vitabu. Babu yako na wenzake walizicheza karata hizi baa kabla ya mimi na baba yako kuzaliwa, na hawakumwita Mtundikwa. Walimwita Msaliti. Zamani mtu akiwasaliti watu wake akakimbia, walimchora ukutani amening'inizwa kwa mguu mmoja, ili kila anayepita sokoni amtemee mate. Huo utulivu wa uso unaousifia ni uso wa mtu asiyeona haya. Sikatai kwamba anaweza kuwa subira. Akimwangukia mtu aliyeamua mwenyewe kuacha kitu, ni subira, hata bibi yako alisoma hivyo. Ndiyo maana tunaanza na upande. Kwanza unauliza nani ametundikwa, ndipo unauliza kwa nini. Ukiruka la kwanza, unaweza kumtwika aliyepigwa aibu ya anayempiga.

Mpigie Ornella. Au sema Alhamisi mbele ya watu kwamba ulikosea. Na unijibu: upande gani?

Delfina


Castelmaro, 25 Aprili 1993

Ezio,

Pasaka imepita. Baba yako alikuwekea sahani.

Ornella yuko hospitali ya Asti. Taya limevunjika na kifundo cha mkono. Celso ameeleza kijiji kizima kwamba alianguka kutoka ngazi ya ghala la majani, na kijiji kizima kimemwambia pole. Nilimkuta wodini amekaa kando ya kitanda, ameleta keki kwa ajili ya manesi, anawakatia vipande kwa kisu chake cha mfukoni, anawachekesha. Alinikatia na mimi. Nilikishika kile kipande mkononi mpaka nje, nikakitupa kwenye pipa la vitambaa vichafu, nikanawa, nikanawa tena.

Alhamisi iliyotangulia alikupigia. Nilikuona. Ulimwambia avumilie kidogo tu, yuko karibu kufika.

Usinitumie chokoleti.

Delfina


Torino, 6 Mei 1993

Shikamoo Shangazi,

Nimeanza barua hii mara nyingi na kuichana. Natumai baba hajambo, na wewe pia. Sina habari nyingine ya kuwapa.

Iliangukia kulia.

Nililiona hilo kabla mkono wangu haujaiacha karata. Kulia, kwa mume, uso juu, na katikati pakiwa na karata ya Mnara unaobomoka, yaani nyumba inayovunjika. Mtoto angeisoma. Na kengele niliisikia. Nilijua simu inatoka nyumbani, nikajiambia huko hakuna mtu nisiyemjua, nikaogopa kuuliza.

Nikueleze kulivyo. Sikioni nina kidude, na kwenye kidude hicho kuna sauti ya Gandolfo, mwenye kituo. Anakaa nyuma ya kioo, anakula mkate wa samaki wa kopo, na nasikia kila anachotafuna. Simu zile ni za kulipia, Shangazi, kadiri mtu anavyozungumza ndivyo anavyokatwa pesa. Sheria yake ya kwanza siku niliyoanza ilikuwa kwamba mwanamke asiambiwe aondoke. Wanaoondoka hawapigi tena. Wanaobaki wanapiga kila wiki. Rosa alipokatisha maneno, Gandolfo alisema huku akitafuna: "Huyu mzuri. Mwambie asubiri, umwite Alhamisi." Nami nikaihamisha karata kwa mdomo, kutoka kwa mume kwenda kwa mke. Mkono sikuusogeza. Ilitosha kusema huyu ni wewe, na kamera ikafuata maneno yangu.

Sina hamu ya chakula. Nikivaa lile joho napata harufu ya samaki hata Gandolfo akiwa hayupo.

Barua yako ya mwisho niliipata Jumatano. Alhamisi nilikwenda nikiwa nimekusudia. Niliandika sentensi tatu kwenye kiganja: kwamba mama aliyejiita Rosa nilimdanganya, kwamba karata ilikuwa ya mumewe, na kwamba atoke kwenye nyumba ile. Taa nyekundu ikawaka. Nikafungua mdomo, nikasoma nyota ya Mapacha. Kisha ya Kaa. Nikaendelea mpaka Samaki, nikafunga kipindi, nikapewa mkono na Gandolfo.

Hivyo ndivyo nilivyo. Nimekuandikia kwa mwandiko wangu kama ulivyotaka.

Ukienda Asti mwambie ukweli wewe. Mwambie ilikuwa kulia. Wewe atakusikiliza.

Ezio


Castelmaro, 20 Juni 1993

Ezio,

Tumemaliza kukata majani. Baba yako ameitupa fimbo na anajifanya kijana. Mvua ya mawe imepiga upande wa kilima cha Bricco lakini sisi imetuacha.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaenda kuketi nje kwa sababu ndani palinishinda. Sitaandika niliyokuita. Baba yako aliyasikia, akafunga dirisha.

Nilifanya ulivyoniomba. Ornella alirudi nyumbani mwisho wa Mei, taya limefungwa waya, anakunywa supu kwa mrija. Nilingoja Celso aende karakana, nikaenda na karata za bibi yako kwenye mfuko wa aproni. Nikamweleza kila kitu. Maestro ni nani, Gandolfo ni nani, simu zile zilikuwa za nini. Alikuwa akifagia nywele sakafuni kwa mkono mmoja, wala hakuacha kufagia. Nikamtolea Mtundikwa, nikamweka kwenye kiti cha wateja, nikamwambia: huyu aliangukia kulia, kwa mumeo. Huyu ni Msaliti. Karata ilisema uondoke tangu siku ile.

Nilijiona nimemletea zawadi, Ezio. Nilikuwa hata na tabasamu.

Akaegemeza ufagio. Akakohoa, na kwa zile waya kukohoa kunamuuma, nikaona machozi. Anazungumza bila kufungua meno, kwa hiyo ilibidi nisogee.

"Mtoto wa kaka yako aliniambia karata inasema nibaki," akasema. "Wewe unaniambia karata inasema niondoke. Na kama ingeangukia kushoto, Delfina?"

Nikaitazama karata pale kitini.

"Kila Jumamosi unaweka kichwa chako mikononi mwangu," akasema. "Umeiona mikono hii tangu majira ya vuli. Ungeniambia nibaki?"

Nilitaka kusema hapana. Hapana ilikuwa pale pale mdomoni. Lakini tangu Februari nilikuwa nakuandikia wewe kuhusu upande, upande, na kwake sikuwahi kusema neno moja kwa kinywa changu, kwamba nyumba ile itamuua. Nilikuwa nangoja wewe ukiri ndipo nipate haki ya kusema. Nikaiokota karata kwenye kiti, na vidole vyangu vilinikirihisha kama nimeshika kitu kilichooza.

Yeye hakuhitaji jibu. Alikuwa ameshapanga kuondoka akiwa kitandani Asti, pamoja na nesi mmoja ambaye hakula ile keki. Ana ndugu mahali, na mahali penyewe sitapaandika. Alichokosa kilikuwa gari tu. Siku ya soko, Celso akiwa ameketi kwenye chakula cha mchana cha mafundi, baba yako alimpeleka stesheni. Anasema walipokaribia, Ornella alimwomba asimame kwanza, akashuka, akatapika kwenye nyasi, akapanguza mdomo, akapanda treni.

Sasa Celso anazunguka kijiji na macho mekundu. Wanawake wanampelekea chakula. Kanisani padri alimwombea kwa jina, na watu waliokuwa wameketi mbele yangu walitikisa vichwa kwa huruma. Mtu aliyevunja taya la mkewe anapelekewa sambusa za nyama na jirani zetu wenyewe. Nilitoka kabla ya komunyo.

Sijui nikuambie nini wewe. Nilitaka kuandika usije tena hapa. Kisha nikalikumbuka lile swali la Ornella, na sina ujasiri wa kukufungia mlango ambao mimi mwenyewe nimesimama nje yake.

Delfina


Torino, 8 Julai 1993

Shikamoo Shangazi,

Naandika haraka, barua itangulie. Natumai mko salama, na baada ya kusoma utaelewa kwa nini nimeandika neno hilo kwa kulimaanisha.

Leo ni Alhamisi. Simu ya tatu ilikuwa ya mwanaume. Alijiita Mario, kutoka vilimani. Nilimtambua kabla hajamaliza kusalimia. Nilipokuwa mdogo aliniketisha kwenye matrekta yake na kuniacha nipige honi. Hakunijua, kwa ndevu hizi na sauti hii.

Alikuwa analia. Akasema mke wake ameondoka bila sababu, nyumba baridi, saluni imefungwa, watu wanamwonea huruma lakini huruma haipiki. Alitaka kujua yuko wapi na atarudi lini. Shangazi, alilia vizuri sana. 

Gandolfo akasema sikioni: "Analia, mshike huyo. Mwambie karata zinasema anarudi, asubiri."

Nilikuwa nimeshazichanganya. Nikaziweka tatu mezani, migongo juu. Kamera ikashuka kuzitazama. Mkono wangu ulikuwa juu ya ile ya kwanza, nikauondoa. Nikakivuta kile kidude sikioni nikakiweka kando ya mshumaa.

Nikasema kwa sauti ya nyumbani, ile ya kwetu: "Celso, harudi."

Akauliza nani anazungumza. Nikamwambia ni Ezio, mwana wa Aldo, wa Castelmaro, na kwamba mkewe hakuanguka ngazi. Nikasema yeye ndiye aliyemvunja taya na mkono, na kwamba kule nyumbani wapo wanaojua wakanyamaza, na mimi nilijua nikamwambia mke wake angoje. Nilisema hayo yote kabla hawajanikata hewani. Nadhani wamekatia kwenye tangazo la magodoro, maana niliona ile taa nyekundu inazimika.

Gandolfo aliingia na mkate wake mkononi. Hakupiga kelele. Alitazama mezani, akaniuliza nimejuaje na sijageuza hata moja. Nikavua joho nikampa alishike, akalishika.

Nimempigia baba simu, nimemwambia afunge mlango wa chini na asiwe shujaa. Celso atakuja kwenu, leo au kesho, na kijiji hakitawapenda. Mimi nafika na basi la Jumamosi asubuhi. Akija baada ya hapo, nitamfungulia mimi.

Ezio